Mjamzito aliyeshonwa: afunguliwe sasa au asubiri leba?

mhudumu_wa_kijiji
Habari zenu. Huku Garissa kuna mama wa mimba ya kwanza, wiki 19. Alikeketwa aina ya tatu, akashonwa, likabaki tundu dogo la mkojo na hedhi. Mama mkwe anasema atafunguliwa siku ya kuzaa, kama wenzake. Ni sawa? Halafu mkojo unamtoka kwa matone, inachukua muda mrefu.

mkunga_kliniki
Hilo la mkojo lisipuuzwe. Unakwama nyuma ya kovu na wadudu wanazaliana humo. Kwa mjamzito maambukizi yanaweza kupanda hadi kwenye figo au kuleta uchungu kabla ya wakati. Apimwe mkojo kila anapokuja kliniki.

Kufungua: Shirika la Afya Duniani (WHO) linakubali kabla ya leba au wakati wa leba. Mimi ningemshauri sasa, akiridhia mwenyewe. Usiku wa leba huenda aliye zamu hajawahi kufungua kovu. Vidole haviingii, njia haipimwi, mpira wa mkojo haupiti, na mama anaishia kupasuliwa pengine bila sababu.

Kazi yenyewe ni fupi, ila ifanywe na aliyefunzwa. Ganzi ya kutosha kwenye kovu. Kidole au koleo butu hupitishwa chini ya ngozi, kisha mkasi unakata katikati kwenda juu mpaka tundu la mkojo lionekane. Ukomee hapo! Mara nyingi kinembe bado kipo chini ya kovu, na ukikikata damu itakuwa nyingi. Kila ukingo unashonwa peke yake kwa uzi unaoyeyuka, la sivyo pande mbili zitashikana tena.

nesi_wa_leba
Nakubaliana. Kosa kubwa la leba ni kumwongezea mama njia kwa chini huku kovu la mbele limeachwa. Kovu halinyumbuki, kwa hiyo kichwa kikisukuma panachanika ovyo. Utafiti wa WHO wa mwaka 2006, Kenya ikiwemo, ulikuta vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vimezidi kwa 55% kwa mama wa aina ya tatu kuliko wasiokeketwa.

Mwambieni mapema kwamba akifunguliwa mkojo utatoka kwa kasi na kwa sauti. Wengine hushtuka wakidhani wameharibiwa. Ajisafishe kwa maji ya vuguvugu, anywe paracetamol, na tendo la ndoa lisubiri wiki 4 hadi 6. Mume aelezwe haya mbele ya mkewe.

mhudumu_wa_kijiji
Asanteni. Je, wakitaka ashonwe tena baada ya kuzaa? Na mtoto akiwa wa kike, wanasema nesi atamkata "sunna" kidogo tu.

mkunga_kliniki
Kushona tena hapana. WHO inapinga, maana unarudisha shida zilezile kwa mimba ijayo. Kilichochanika kitashonwa, mlango hautafungwa. Mkubaliane hilo kabla ya leba, si mama akiwa amechoka kitandani.

Hiyo "sunna" ya nesi ni ukeketaji vilevile. Glavu na ganzi haziondoi kovu, na mshipa wa kinembe ukikatwa unavuja damu hata hospitalini. Sheria ya Kenya ya 2011 inamhusu mhudumu wa afya, anayempeleka mtoto nje ya nchi akakatwe, na anayejua akanyamaza. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili.

nesi_wa_leba
Ukisikia wasichana wakubwa wa nyumba hiyo wanaandaliwa safari ya likizo ndefu, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, kabla hawajaondoka. Simu ni bure.