Naomba ushauri: Je, fizi za mke wangu ndizo zinazotuchelewesha kupata mtoto?

Kijana wa Korogwe: Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tuna miaka mitatu katika ndoa na hatujajaliwa mtoto. Yeye ana miaka 29, hedhi yake haipishani, na vipimo vya mirija na kizazi vilionyesha kwamba hana tatizo. Hata hivyo, fizi zake hutoka damu kila anapopiga mswaki. Mtaalamu mmoja wa tiba asili ametuambia kwamba usaha wa meno hushuka hadi kwenye kizazi, hivyo magego yake manne yang'olewe. Je, yupo aliyepitia jambo hili? Usingizi umenipotea.

Mama Mapacha: Pole sana, mdogo wangu. Mimi nilikaa miaka sita, mawifi wakinisema hadi kwenye misiba, na mama mkwe akakataa kula chakula nilichopika. Mume wangu alisimama nami, na leo wanangu wako darasa la tatu. Nakusihi usimwache mkeo wala usimlaumu.

Mhudumu wa Kinywa: Usaha haushuki hivyo. Fizi zilizovimba huruhusu bakteria na kemikali za uvimbe kuingia katika damu, na huenda hapo ndipo uzazi unapoguswa. Utafiti wa Australia Magharibi uliowasilishwa Stockholm mwaka 2011, uliohusisha wajawazito 3,737, ulionyesha kwamba wenye maradhi ya fizi walichukua wastani wa miezi 7 hivi kushika mimba, ilhali wenzao walichukua 5. Wote walikuwa wameshika mimba. Kilichoonekana ni kuchelewa, si ugumba, na hakithibitishi kwamba fizi ndizo chanzo. Tiba yake ni kukwangua ugaga, si kung'oa magego mazima. Wewe mwenyewe umepimwa?

Kijana wa Korogwe: Ahsante, lakini swali langu lilihusu fizi zake. Mimi nina nguvu zangu na sijawahi kulazwa.

Baharia Mstaafu: Mkuu, kitanda kina watu wawili, mbona kinachochunguzwa ni kinywa kimoja? Umepimwa au hujapimwa?

Kijana wa Korogwe: Nilipimwa mwezi wa sita. Mbegu zilikuwa chache, na nyingi hazina mwendo mzuri. Mke wangu hajui. Natumia ugoro tangu nikiwa na miaka 17, fizi zangu nazo hutoka damu, na gego moja limelegea. Msinihukumu, kwa maana fizi zake kweli zinaumwa na kianzio cha shilingi 80,000 nimekwisha kulipa. Niliona tuanze na yeye, kisha nami nifuate.

Shahidi wa Pembeni: Hii ni chai. Mtu hawezi kuficha cheti cha kipimo kwa miezi yote hiyo ndani ya nyumba moja. Subirini, sasa hivi atajitokeza mwenzake kutuuzia unga wa meno.

Kijana wa Korogwe: Siuzi chochote. Cheti nimekikunja chini ya kiti cha pikipiki, mahali asipogusa.

Mhudumu wa Kinywa: Hata kama ni chai, wapo wanaosoma wakiwa na cheti kama hicho. Tafiti kadhaa, nyingi zikiwa ndogo, zimehusisha maradhi ya fizi na udhaifu wa mbegu za kiume, na tumbaku ya kutafuna nayo imehusishwa na udhaifu huo huo huku ikiziharibu fizi moja kwa moja. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa. Kwa hiyo acha ugoro leo, mkakwanguliwe ugaga nyote wawili, kisha urudie kipimo baada ya miezi mitatu. Wakati huohuo muone daktari wa uzazi wa wanaume, akague kama mishipa ya korodani imevimba, kwa sababu hali hiyo hutibika na hakuna mswaki utakaoiondoa.

Mama Mapacha: Unataka mwenzio apoteze magego manne ili wewe usione aibu? Gego la mtu mzima halioti tena, baba.

Kijana wa Korogwe: Miadi ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Nitaivunja, ila sijui nianzie wapi kumweleza.

Mama Mapacha: Toa hicho cheti, umkabidhi mkononi, kisha ukae hapo hapo wakati anakisoma.