Nina vitu 17 vya midomo na midomo bado inabanduka. Nianze kuacha kipi?

Pochi_Haifungi

Habari zenu wapendwa. Mimi humu ni mpita njia tu, nasoma, nacheka, naondoka. Leo imebidi niandike maana midomo yangu imenishinda.

Jana usiku nilimwaga pochi kitandani nikahesabu. Lipstiki za kawaida 5, zile za maji zinazokauka na kuwa mati (zisizong'aa) 4, glosi 3, vijiti vya mafuta ya midomo 3, penseli 1 na kikopo cha skrabu 1. Jumla 17. Na mdomo wenyewe ninao mmoja!

Shida yangu iko hivi. Asubuhi napaka lipstiki ya mati, najiangalia kwenye kioo, napendeza hasa. Ikifika mchana, rangi ya ndani ya mdomo wa chini imeshaondoka na ile ya pembeni imebaki, nina duara jekundu kama nimetoka kung'ata kifuniko cha kalamu. Halafu ngozi inaanza kujikunja vigamba vidogo vidogo. Kidole hakitulii. Nikikivuta kimoja kinakuja na mwenzake, mpaka panatoka damu. Siku ya pili palepale panauma, lakini napaka tena.

Kila usiku nasugua kwa skrabu ili vigamba vitoke. Mchana kutwa natumia mafuta ya midomo yenye mnanaa, yale yanayoleta ubaridi ukiyapaka. Hayo ndiyo yananisaidia kidogo, ila baada ya nusu saa tu nayataka tena. Siku nikiyasahau nyumbani nakuwa kama mtu aliyepoteza simu.

Jambo la pili, mdomo wangu wa juu ni mweusi na wa chini una uwaridi katikati. Lipstiki moja inanipa rangi mbili. Ile niliyoipenda mkononi dukani, juu inakuwa kahawia na chini inang'aa kama taa ya breki.

Naombeni msaada. Tatizo ni mimi au ni vitu ninavyopaka? Na nikitakiwa kuacha, nianze na kipi? Tafadhali msiniambie "kunywa maji mengi", maji nakunywa.

---

Kikopo_cha_Mgando

Dada yangu, pole. Nianze na skrabu: itupe leo hii. Unasugua kidonda kila usiku halafu unashangaa hakiponi.

Ngozi ya midomo siyo kama ya shavu. Tabaka lake la juu ni jembamba sana, haina tezi za jasho, na tezi za mafuta karibu hakuna. Shavu linajipaka lenyewe siku nzima, midomo inakutegemea wewe. Hivyo vigamba unavyovikwangua ndicho kifuniko kibichi ambacho mwili unajaribu kukijenga. Ukikitoa kabla ya wakati, unapata kingine kibichi zaidi.

Swali: unajilamba? Usinijibu haraka. Watu wengi wanajilamba bila kujua. Mate yakikauka yanaondoka na unyevu uliokuwepo, tena mate yana vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, na ngozi iliyochubuka haivipendi. Ukiona mpaka mweusi au mwekundu unaozunguka mdomo kwa nje, pale ulimi unapoishia, ujue mchawi ni ulimi.

Ushauri wangu: wiki mbili usipake kitu chochote isipokuwa mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala ladha. Usiku weka mengi, mchana kidogo kidogo. Hayaongezi maji, yanafunika tu ili yaliyopo yasipotee, kwa hiyo paka midomo ikiwa na unyevunyevu, mara baada ya kunawa uso. Siyo kitu cha kisasa hata kidogo: Robert Chesebrough alipewa hataza yake Marekani mwaka 1872. Hakuna atakayekusifia kwa kuyapaka, lakini yanafanya kazi.

Na wiki hizo mbili kama utakuwa juani, tafuta mafuta ya midomo yenye kinga ya jua SPF 30 yasiyo na ladha. Mdomo wa chini ndio unaotazama juu, ndio unaopigwa zaidi.

---

Nipo_Nasoma

Mimi sina ushauri, nina swali tu. Kati ya hizo 17, kuna hata moja uliyowahi kuimaliza mpaka chini? Naulizia rafiki.

---

Fundi_Rangi

Mimi kazi yangu ni kupamba watu, nimegusa midomo mingi. Kikopo amesema kweli kuhusu mapumziko, mimi nitaongelea rangi.

Lipstiki ya kijiti ni nta, mafuta na rangi. Nta huwa ni ya nyuki, au ya mimea ya candelilla na carnauba, na mafuta mara nyingi ni ya nyonyo. Kwa hiyo hata ikiwa kavu kidogo, bado kuna mafuta yamekaa mdomoni. Ile ya maji inayokuwa mati ni mnyama mwingine. Ndani yake kuna kimiminika kinachoruka hewani haraka (kwenye lebo tafuta isododecane), kikisharuka kinaacha utando mwembamba ulioshika rangi. Utando huo haupendi kupinda, na midomo haiachi kupinda. Ndiyo maana unakatikia pale pa ndani penye mate na mikunjo.

Sasa nakuuliza mimi: unaitoaje jioni? Naweza kukuapia unatumia maji, sabuni na kitambaa. Utando ule maji hayaufanyi kitu, utakachotoa ni ngozi. Weka mafuta, yoyote yasiyo na harufu, yaache dakika moja, kisha bonyeza kwa pamba na uvute taratibu. Ukiona unasugua, rudia mafuta.

Kuhusu midomo ya rangi mbili, wala usijione una kasoro. Wateja wangu wengi weusi wako hivyo, nami mwenyewe niko hivyo. Kosa ni kuijaribu lipstiki mgongoni mwa mkono. Ngozi ya mkono haina huo uwaridi wala huo weusi, inakudanganya mchana kweupe. Ukitaka kutumia kijaribio cha dukani ambacho wameshapaka watu wote (usikipake mdomoni kabisa, tafadhali), jaribu kwenye ncha ya kidole. Pale kuna damu kwa karibu, panakaribia rangi ya mdomo wa chini.

Dawa yake ni hiyo penseli yako moja, ikiwa ni ya kahawia. Usichore ukingo tu. Jaza lile eneo la waridi la mdomo wa chini, wepesi, kama unaweka kivuli. Juu usijaze. Gongagonga kwa kidole mpaka mstari usionekane, ndipo upake lipstiki. Midomo yote miwili inakuwa imeanzia sehemu moja. Nikitaka nyekundu kali ing'ae juu kwenye weusi, naanza na tone la konsila (krimu ya kufunika rangi ya ngozi) yenye uchungwa pale juu, dogo mno.

Halafu usishangae namba za CI kwenye lebo, hizo ni rangi zenyewe. CI 77491 ni oksidi nyekundu ya chuma. CI 75470 ni karmini, inatoka kwa wadudu wadogo waliokaushwa. Wapo wanaoikwepa kwa imani, wapo wanaoikwepa kwa mzio. Mimi nataja tu.

---

Mgongo_Wenye_Vibandiko

Mwenzangu, ulichoandika kuhusu mnanaa kimenirudisha mbali.

Mimi niliteseka kwa miezi nane. Nilikuwa na kijiti changu cha "kutibu", kina menthol (ile inayoleta ubaridi wa mnanaa) na kafuri. Ukipaka unasikia ubaridi, unajua tayari, dawa inafanya kazi. Kumbe ule ubaridi siyo uponyaji, ni neva zinadanganywa, na kwa midomo iliyochubuka menthol na kafuri zinazidi kuichokoza. Inakauka, napaka, inakauka, napaka. Wewe umesema mwenyewe: baada ya nusu saa unayataka tena. Mafuta mazuri hayakufanyi uwe mtumwa.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Akanibandika vibandiko vyenye vitu tofauti mgongoni, nikakaa navyo saa 48 bila kuoga mgongo (wiki mbaya kuliko zote). Vilipotolewa, na aliposoma tena baada ya siku chache, vilivyowaka vilikuwa viwili: lanolini na kimoja cha harufu. Lanolini ni mafuta ya sufu ya kondoo, ipo kwenye mafuta mengi ya midomo, na watu wengi inawafaa sana. Mimi ndiyo hivyo tena.

Na alichoniuliza kwanza kabisa hakikuwa lipstiki. Aliuliza dawa ya meno. Ladha ya mdalasini na ya mnanaa mkali kwenye dawa ya meno zinaweza kufanya hayahaya, na hakuna anayezishuku kwa sababu huzipaki mdomoni, zinapita tu.

Ukimaliza wiki mbili za Kikopo, usirudishe vyote kwa pamoja. Rudisha kimoja kimoja, wiki kwa wiki. Na kabla ya mdomo, paka hichohicho upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, siku saba, palepale. Pakiwasha au pakiwa pekundu, umejua. Ila mkono ukinyamaza haimaanishi mdomo lazima ukubali, bado unakwenda taratibu.

Kama nyufa ziko pembeni mwa mdomo, kwenye kona, hilo ni jambo lingine, mara nyingi kuna fangasi au upungufu wa vitamini au madini mwilini, nenda ukaonwe. Na baka la mdomo wa chini lililokataa kupona kwa wiki kadhaa usilifunike na lipstiki. Nenda.

---

Pochi_Haifungi

Wapendwa, nimerudi na mrejesho. Zimepita wiki sita.

Nipo_Nasoma, jibu ni hapana, hakuna niliyoimaliza. Mwambie rafiki yako.

Kikopo, ulinikasirisha. Nikasema mimi sijilambi. Basi nikachukua karatasi, kila nikijikuta nimelamba nachora mstari. Kufika saa sita mchana nilikuwa na mistari 31. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni, sikutaka mtu aione.

Siku tatu za kwanza za mafuta ya mgando zilikuwa mbaya. Mkono unakwenda kwenye pochi wenyewe. Midomo ilikuwa mikavu kuliko mwanzo, nikataka kurudi huku niwatukane. Siku ya sita nilikuwa napiga mswaki, nikaona kigamba kimoja kikubwa kimeondoka chenyewe na chini yake hapakuwa na uwekundu. Nikasimama pale na mswaki mdomoni kama mjinga, naangalia. Dawa ya meno sijabadilisha, nilitaka kwanza nione vingine.

Baada ya wiki mbili nikaanza kurudisha. Wa kwanza kijiti chekundu cha kawaida: salama. Wiki iliyofuata nikarudisha mati, mara mbili kwa wiki tu, mafuta ya mgando nusu saa kabla halafu nayafuta kwa tishu, jioni natoa kwa mafuta kama Fundi alivyosema (ndiyo, nilikuwa natumia sabuni, umeniona wapi?). Bado inakatika mchana, lakini haibandui ngozi. Nilikuwa nimeisingizia.

Ndipo nikarudisha mpenzi wangu wa mnanaa. Kiwiko kilinyamaza siku zote saba. Mdomoni siku ya pili ukingo ukaanza kuwaka, siku ya tatu vigamba hivyo hapo. Nilikuwa naogopa lipstiki wakati aliyekuwa anajiita daktari ndiye aliyekuwa ananichuna! Nimekitupa. Vile viwili vingine navyo nilisoma lebo, kimoja kina menthol, kimefuata.

Kwenye kusafisha nikagundua lipstiki mbili zinanuka kama mafuta yaliyokaangiwa juzi. Kwenye lebo kuna kile kialama cha kikopo kilichofunguliwa kimeandikwa 12M, yaani miezi 12 tangu uifungue. Hizo zangu nadhani zilisherehekea miaka minne. Na ile ya kijani inayogeuka waridi ukiipaka, mdogo wangu alikuwa anasema inasoma hisia za mtu. Fundi, ni kweli?

Penseli ya kahawia chini, tupu juu: nimepaka leo. Kwa mara ya kwanza nina rangi MOJA.

Zimebaki 7 pochini. Kuna glosi moja ya kuvimbisha midomo, ina kiini cha pilipili, siipaki tena lakini rangi yake nzuri jamani. Kuna anayeitaka?

---

Fundi_Rangi

Hongera dada! Hiyo ya kijani haisomi hisia za mtu. Ndani yake kuna rangi ambayo inageuka waridi ikikutana na unyevu na asidi ya ngozi yako, na inashika kwelikweli, ndiyo maana unalala nayo unaamka nayo.

Glosi usimpe mtu. Brashi yake imeingia mdomoni mwako ikarudi kwenye kichupa mara ngapi? Virusi vya vile vipele vya homa ya mdomo vinapita kwa mtindo huohuo, na anayevibeba anaweza asiwe na kipele siku hiyo. Tupa.

---

Pochi_Haifungi

Nimetupa. Nimeichungulia mara moja tena kwenye pipa, lakini nimetupa.