Kwa nini mtu anaacha hela kisa mgao hauna haki?

Mvuja Jasho:
Wakuu, naomba msaada wa mawazo. Mdogo wangu ni baharia kwenye boti ya dagaa hapa Bagamoyo. Juzi tajiri alikata hela ya mafuta, akakata ya fundi wa injini, akakata fungu lake, mabaharia wakabaki na elfu tatu tatu. Dogo kaiacha elfu tatu yake mezani, na nyumbani unga umeisha! Uchumi tuliosoma sekondari unasema kidogo ni afadhali kuliko kukosa. Sasa hii imekaaje?

Mama Saikolojia:
Kaka, jambo hilo limepimwa. Mwaka 2003, Princeton huko Marekani, Alan Sanfey na wenzake waliwapa watu wawili dola 10. Mmoja anapanga mgao, mwingine anakubali au anakataa, akikataa wote wanakosa. Anayepokea yuko ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo. Migao ya dola 1 au 2 ilikataliwa mara nyingi, na ilipotajwa, insula ilichangamka. Hiyo ni sehemu ya ubongo inayohusika na kinyaa. Mgao uleule ukitoka kwa kompyuta, wengi zaidi waliupokea. Kwa hiyo kinachomuuma mdogo wako si udogo wa hela, ni kwamba kuna mtu aliyekaa akaamua kumpa hivyo.

Kibarua wa Tanga:
Basi ni hasira tu, mama. Akitulia atajuta.

Mama Saikolojia:
Hapana mwanangu, hapo nakataa. Mwaka 2006 timu ya Zurich, Uswisi, akiwemo mchumi Ernst Fehr, ilitumia mchezo kama huo, ikafifisha kwa sumaku sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia, ile inayotusaidia kujizuia. Watu waliendelea kusema mgao ni wa uonevu, lakini waliupokea zaidi! Maana yake kukataa ndiko kunakohitaji kujizuia. Tamaa ndiyo inayosema chukua. Mila nazo zina nguvu: kwenye mchezo huohuo, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walikataa sana mafungu madogo, Wamachiguenga wa Peru wakayapokea karibu yote. Ndiyo maana mwanasiasa anayegawa fidia bila kueleza hesabu hushangaa wanakijiji wakiikataa.

Mvuja Jasho:
Nimekuelewa, mama. Jumamosi wanakaa kikao na tajiri. Nitamwomba azisome risiti za mafuta na fundi mbele yao, na fungu lake alitaje mwenyewe, kabla hajagusa noti.