Flight Simulation ya Psion haipakii kwenye Spectrum 48K: shida kaseti au mashine?

Kalobe_Juu: Wakuu, poleni na baridi. Nina ZX Spectrum 48K, ile kompyuta ya zamani inayopakia programu kutoka kwenye kaseti, na kaseti halisi ya Flight Simulation (mchezo wa kurusha ndege, Psion, 1982). Nabonyeza J, LOAD inatokea, naweka alama za kunukuu mbili, ENTER. Jina la programu linaonekana, ila mbele ya safari inakata: "R Tape loading error". Redio kaseti inaimba safi tu. Nifungue mashine?

Fundi_Uyole: Usifungue. Jina likishatokea, tundu la EAR (la kuingizia sauti ya kaseti) linasikia. Chomoa waya wa MIC (wa kurekodia) kwanza, maana redio nyingi hurudisha sauti kupitia huo. Sauti robo tatu, besi chini, trebo juu. Safisha hedi (kichwa kinachosoma utepe wa kaseti) kwa pamba na spiriti.

Halafu angalia pembezoni mwa skrini. Mistari minene, nyekundu na samawati, ni mlio wa utangulizi. Myembamba ya bluu na njano ndiyo data. Ile minene ikiyumbayumba, mkanda wa mpira wa redio umelegea. Ulizia kwa mafundi redio Mwanjelwa, Mbeya. Ikitulia na bado inakata, hedi imekaa upande: kaseti ikiwa inacheza, zungusha kidogo sana skrubu iliyo kando ya hedi mpaka mlio uwe mkali kabisa. Redio kuimba safi si kipimo, sikio linasamehe mengi.

Mdau_Tukuyu: Naongezea: adapta ni volti 9, hasi iko KATIKATI. Nyingi za madukani ziko kinyume, pima kabla ya kuchomeka.

Hedi ikigoma, tumia simu badala ya redio: cheza faili la sauti la WAV la mchezo huo (MP3 iliyobanwa sana huharibu mawimbi), sauti juu kabisa, ekwalaiza izimwe. Na uweke simu hali ya ndege, meseji moja ikilia katikati unaanza upya.

Kalobe_Juu: Ilikuwa hedi, imekubali! Sasa kutua ndiyo kazi, naipita njia ya kutulia ndege kushoto, kulia.

Mdau_Tukuyu: Picha inachorwa polepole, wewe unashikilia 5 (kushoto) au 8 (kulia) ukidhani haijasikia. Gusa, subiri skrini ibadilike, ndipo uguse tena. Kwenye menyu chagua hatua ya mwisho ya kutua, upepo ukatae. Ukiona unashuka haraka, ongeza nguvu ya injini kwa P. Ukiinua pua tu, mwendo unakufa na ndege inadondoka.