Je, jina la ukoo Walker lilitokana na safari?

Swali
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nafahamu kwamba Smith ni mhunzi na Taylor ni mshonaji, lakini Walker, ambalo kwa Kiingereza cha leo ni kama kusema mtembeaji, linanitatiza. Wapo wanaosema kwamba mwasisi wa ukoo huo alikuwa msafiri. Wengine wanaliweka kundi moja na Fuller na Tucker, majina ambayo hata kwa sauti hayafanani. Ukweli ni upi?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, hao wa pili ndio waliopatia. Kitambaa cha sufu kilipotoka kwenye kitanda cha mfumi kilikuwa bado na mafuta ya kondoo na nyuzi zake hazijashikana. Kwa hiyo kilitiwa katika hodhi la maji pamoja na udongo wa kunyonya mafuta, au mkojo uliochacha, kisha mtu akaingia miguu mitupu na kukikanyaga kwa muda mrefu mpaka kisinyae na kuwa kizito. Mkanyagaji huyo, katika Kiingereza cha kale, aliitwa *wealcere*. Miguu yake ilifanya kazi kweli, ila haikumfikisha popote.

Jibu la pili
Naongeza kwamba majina hayo matatu ni ya kazi hiyo moja, ila yametofautiana kwa sababu ya mahali. Walker lilienea zaidi kaskazini mwa Uingereza, kama vile Yorkshire na Lancashire. Fuller, lenye asili ya Kilatini, lilishika kusini-mashariki. Na Tucker ni la kusini-magharibi, hasa Devon na Somerset, likitokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kutesa, na sidhani kama kitambaa kile kingebisha. Mjini Exeter bado lipo jengo la chama cha mafundi hao na wafumaji, liitwalo Tuckers Hall.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, vinu vilipochukua nafasi ya miguu, jina halikupotea?

Jibu la tatu
Halikupotea. Vinu vya maji vyenye nyundo za mbao vinatajwa Yorkshire tangu mwaka 1185, lakini aliyeviendesha alibaki na jina lile lile la kazi. Kufikia karne ya 14 majina ya namna hii yalikuwa yakianza kurithiwa, na hapo orodha za kodi ya kichwa za Yorkshire za mwaka 1379 zina thamani kubwa, kwa kuwa huandika kazi za walipaji wengi kando ya majina yao: ukimkuta Walker ambaye ni mhunzi, yaelekea aliyekanyaga sufu alikuwa baba yake au babu yake.