Asilimia 10 ya slaidi kila mwezi: je, inatosha kupunguza makosa ya usomaji?

Msomaji wa Upanga
Ndugu wanataaluma, poleni na kazi. Katika maabara yetu hapa Dar es Salaam tupo wanapatholojia wawili tu, yaani madaktari wanaosoma kwa hadubini vipande vya nyama ya mgonjwa vilivyowekwa kwenye vioo (slaidi). Hivi karibuni tezi ya shingo niliyoisoma kuwa ni kifua kikuu ilisomwa upya na mwenzangu, baada ya mgonjwa kutumia dawa bila nafuu, ikaonekana ni limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu. Sasa tunafikiria kupitia upya asilimia 10 ya slaidi zote kila mwisho wa mwezi. Je, utaratibu huo unatosha?

Mzee wa Hadubini
Pole sana, Daktari. Granuloma, yaani vishada vya seli za kinga, huweza kuandamana na Hodgkin, na sisi tuliozizoea za kifua kikuu huishia hapo tusizitafute seli za Reed-Sternberg, zile kubwa zinazoitambulisha Hodgkin. Asilimia 10 ya bahati nasibu itawaonyesha hali ya kazi yenu kwa ujumla, lakini haitamfaa mgonjwa ambaye ripoti yake ilikwisha kutoka wiki tatu nyuma. Mwongozo wa Chuo cha Wanapatholojia wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 unataka kesi zichaguliwe, zipitiwe mapema kiasi cha kumnufaisha mgonjwa, na mapitio yaandikwe. Ningeanza na zile ambazo jibu lake linampeleka mtu kwenye kisu, mionzi au dawa kali, yaani saratani mpya ya matiti, limfoma na uvimbe wa tishu laini, zote zisomwe na wawili kabla ripoti haijasainiwa. Msomaji wa pili asiambiwe jibu la kwanza. Akishasikia "kifua kikuu" atakiona kila pembe ya slaidi.

Mteknolojia wa Temeke
Naomba niongeze la mezani kwetu. Fomu nyingi huja zimeandikwa "uvimbe" basi, bila umri wala mahali ulipotolewa. Kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa nacho huletwa katika fomalini (dawa ya kukihifadhi) kidogo, ilhali inatakiwa walau mara 10 ya ujazo wake. Kikishaharibika, hata wasomaji wanne watabaki kukisia.

Msomaji wa Upanga
Ahsanteni. Mwenzangu anahofia kwamba daftari la kuandikia tofauti za usomaji wetu litatumika kumhukumu.

Mzee wa Hadubini
Liandikwe namba ya kesi, aina ya tofauti na iwapo tiba ingebadilika, majina ya wasomaji yasiwemo. Msipoafikiana, slaidi iende kwa mtu wa tatu. Ripoti iliyokwisha kutoka irekebishwe kwa tarehe, na daktari anayemtibu mgonjwa apigiwe simu siku hiyohiyo.