Mjadala: Ukihamia mji mpya, nani achague mtaa, anayetoka asubuhi au anayebaki?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Kuna ubishi usiokwisha kuhusu mtu anayehamia mji asioujua: akae karibu na kazi hata kama kodi ni kubwa, au asogee pembezoni apate nafasi na hewa? Pande zote mbili zina hoja, ila zote zinaongea kana kwamba anayehama ni mtu mmoja tu, yule mwenye mshahara. Msimamo wangu ni huu: mtaa achague yule atakayeshinda pale mchana. Mtoto, mzee, mgonjwa, mzazi anayelea. Anayetoka alfajiri na kurudi usiku anaujua mtaa wake gizani tu.

Nimejifunza kwa gharama. Tulipohama, nyumba niliichagua mimi. Dakika 12 kwa miguu hadi kazini, ghorofa ya tatu, barabara kubwa chini yetu. Nilijiona nimepata. Mama yangu, tuliyehama naye, alikuwa na miaka 71.

Siku moja niliumwa, nikabaki nyumbani, nikamwona kupitia dirishani. Alikuwa anatoka dukani, ng'ambo ya pili, mfuko mmoja mkononi. Amesimama ukingoni anangoja magari yapungue. Hayapungui. Anashusha mguu barabarani, anaurudisha. Anaushusha tena, anaurudisha. Alipofanikiwa kuvuka nikaanza kumsikia kwenye ngazi: kila ghorofa anatua mfuko, anapumua, anauinua. Alipoingia nikamuuliza kama huwa hivi kila siku. Akanijibu, "Siku nyingine naahirisha tu." Hakulalamika. Ndipo nikagundua kwamba kwa karibu mwaka mzima alikuwa akiahirisha: duka, zahanati, ibada, hata kwenda kumjulia hali jirani mmoja aliyemzoea.

Wala si mama yangu peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alichunguza mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi, tofauti kubwa ikiwa wingi wa magari. Kwenye mtaa uliopitwa na magari kama 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na wastani wa marafiki watatu mtaani pale. Kwenye ule wa magari 16,000, hata mmoja hakutimia: 0.9. Watu walikuwa wamejifungia vyumba vya nyuma.

Na watoto je? Marekani walifanya jaribio kubwa kuanzia mwaka 1994 katika miji mitano, Chicago na Boston ikiwamo. Familia zaidi ya 4,000 za mitaa yenye umaskini mkubwa ziliingia kwenye bahati nasibu, na baadhi zikapewa msaada wa kodi wa kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo. Wazazi waliohama, mishahara yao haikupanda. Lakini mchumi Raj Chetty na wenzake walipofuatilia watoto miaka mingi baadaye, waliona kwamba waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walikuwa na kipato kikubwa kuliko wenzao ambao familia zao hazikupewa msaada huo, kwa karibu asilimia 31, walipofika miaka ya ishirini na kitu. Waliohama wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo mtaa ulimfaidia aliyekulia pale, na kwa mshahara wa mzazi haukubadilisha kitu.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, pole kwa yaliyompata mama. Ila umerukia upande wa pili moja kwa moja. Fanya hesabu: dakika 75 kwenda, 75 kurudi, siku 240 za kazi kwa mwaka. Ni saa 600, yaani siku 25 nzima, mchana na usiku, umesimama ndani ya gari la abiria. Mimi nimeishi hivyo miaka minne. Mwanangu alikuwa ananiona Jumapili.

Na kuna ushahidi pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake 909 wa Texas walivyojisikia saa hadi saa katika siku iliyopita. Safari ya asubuhi kwenda kazini iliangukia mkiani kabisa, chini hata ya kazi yenyewe. Anayebaki nyumbani anahitaji mtaa mzuri, nakubali, lakini anahitaji pia mtu wa kurudi akiwa na nguvu ya kuongea naye. Usimtoe kafara mmoja ili kumwokoa mwingine.

Mchangiaji wa tatu

Jamani, nyote mnaongea kama watu wanaochagua. Wengi wetu tunaangukia. Mimi nilifikia kwa dada yangu, tukabanana chumba kimoja miezi saba, na nilipopata pesa ya kuanzia nikapanga nyumba tatu kutoka kwake. Sikukagua chochote. Nilibaki pale kwa sababu ndipo palikuwa na mtu wa kunipokelea mtoto nikichelewa, na wa kunikopesha nauli mwezi ukiwa mrefu. Wanaosema tusijazane sehemu moja na watu wetu watuambie nani atampokea huyo mtoto.

Halafu mnapolinganisha kodi, jumlisheni na nauli ya kila anayetoka humo ndani. Nyumba ya "bei nafuu" yenye watu watatu wanaopanda magari mawili kila asubuhi haina unafuu wowote.

Mchangiaji wa nne

Naongeza moja fupi. Msiangalie nyumba kiangazi. Nendeni baada ya mvua kubwa, mtazame kuta za nje chini kabisa. Ukiona mstari wa tope uliokaukia usawa wa goti, na nyumba zote jirani zimeinua vizingiti vya milango, ondoka. Dalali hatakuambia, na rangi mpya huanzia palepale ambapo maji yalifika.

Mleta mada

Nawashukuru. Mchangiaji wa pili, hesabu yako imeniuma kwa sababu ni kweli, na sitaki kujifanya saa 600 ni kitu kidogo. Mchangiaji wa tatu, kwako nakubali bila masharti: dada wa nyumba tatu mbele ni sehemu ya mtaa, tena kubwa kuliko lami na taa. Nilikosea kuzungumzia uchaguzi bila kumtaja asiye nao.

Lakini kuna kundi ambalo siachi kulidai, nalo ni waajiri wanaohamisha watu. Wanamlipia mfanyakazi gharama za kubeba mizigo, wanamleta siku mbili aone nyumba, mchana kutwa yuko ofisini anatambulishwa, jioni dalali anamzungusha kwenye gari. Mwenzake na wazee wake wanauona mtaa siku ya kushusha mizigo, mkataba ukiwa umeshasainiwa. Kwa nini asiletwe yule atakayebaki? Na kwa nini familia isisaidiwe kupanga kwa muda mfupi kwanza, miezi mitatu tu, ikaujua mji kabla ya kujifunga mwaka mzima? Hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji mtu wa utumishi aulize swali moja zaidi.

Sisi tulihama tena mkataba ulipoisha. Safari hii mama ndiye aliyekagua, tukaenda saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nyumba ya kwanza aliikataa akiwa bado getini, sikuelewa kwa nini na sikubishana. Ya pili ngazi zilimchosha. Ya tatu hakuingia ndani kabisa. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, akavua viatu, akatazama njia. Kwa muda wa kama nusu saa walipita watu sita, wanne wakamsalimia, mmoja akasimama kuuliza kama amepotea. Akaniambia niende nikaonane na mwenye nyumba.

Sasa nasafiri dakika 40 kwenda na 40 kurudi. Mchangiaji wa pili atanipigia hesabu.